Kilicho Chini ya Mkeka

14 Januari

Shule imefunguliwa na mikeka ya mpira yenye matundu, ile tuliyolaza juu ya nyasi za eneo la michezo, imeshaanza kazi. Kabla ya kengele ya saa nne nimeipitia yote kwa mguu: chini ya bembea, kwenye mteremko, kisha njia ya viti vya magurudumu mpaka langoni. Nilikuwa natafuta kona zilizoinuka, maana kona ikiinuka unene wa kidole tu inatosha kumkwaza mtoto anayekimbia. Nimeona mbili na nimezirudisha kwa vigingi virefu zaidi. Vikanda vya plastiki vinavyounganisha mikeka vimeliwa na jua, ukivikunja vinavunjika. Nimefunga vipya vyeusi, kwa sababu vyeusi hustahimili jua kuliko vyeupe. Ncha zake nimezikata na kuzielekeza chini zisichane magoti ya watoto.

20 Februari

Jua la Nairobi mwezi huu halina huruma. Saa nane mchana huwezi kukanyaga mpira huu mweusi kwa mguu mtupu. Tumekubaliana na walimu wa chekechea watoto wacheze huku asubuhi tu.

Nimechomeka nondo nyembamba kwenye tundu la mkeka chini ya bembea, ikagota kama kwenye sakafu. Ugumu huu wa ardhi ndio unaoninyima usingizi. Mikeka hii ilipouzwa, tuliambiwa kimo ambacho mtoto anaweza kuanguka bila kuumia vibaya kichwani. Kimo hicho hupimwa kwa utaratibu wa Ulaya uitwao EN 1177: kichwa cha bandia chenye vihisio huangushwa juu ya mkeka, na mshindo wake hupimwa. Lakini mkeka haupimwi ukiwa hewani. Hupimwa ukiwa juu ya ardhi fulani, na ardhi ikikauka na kushindiliwa, kimo kile kinapungua.

Jioni nimemwagilia pale kwa maji yaliyobaki ya kunawia mikono. Mhasibu amenikuta. "Mzee, maji yenyewe ni ya mgao, na wewe unamwagilia nyasi?" Nimemjibu, "Mama, hapa nalainisha mahali ambapo kichwa cha mtoto kitaangukia." Amenyamaza, kisha akasema nitumie hata ya pipa la pili.

27 Machi

Mvua ya masika imeshika. Nimesubiri ardhi ilowe vizuri ndipo nikanyunyiza mbolea ya CAN, kidogo kidogo, kisha nikapitisha fagio ili chembe zisirundikane ndani ya matundu. Zikirundikana zinaunguza nyasi.

Mvua ilipokatika nimepiga magoti nikatazama tundu moja kwa karibu. Ukoka umetambaa chini ya mpira, ukachomoza majani matano au sita katikati. Ncha zimechanika kwa viatu, lakini shina lake, pale majani yanapozaliwa, limekaa chini kabisa, mpira umelizunguka pande zote. Nyasi hukua kutokea chini, kwa hiyo ncha ikikanyagwa hakuna hasara kubwa. Shina likipondwa ndipo hasara inapoingia. Mkeka unabeba uzito wa mtoto ili usifike kwenye shina. Kwa nyasi, kazi yake ndiyo hiyo.

Ila tundu likijaa tope, shina linazikwa na mkeka unateleza. Kwa hiyo tope linafagiliwa kila baada ya mvua kubwa, kwa fagio gumu. Reki siipitishi hapa, meno yake hunasa na kung'oa mkeka.

28 Aprili

Siafu wametoka chini ya mikeka ya mteremko. Mlinzi alikuja na kopo la petroli, nikamzuia. Petroli huvimbisha mpira na kuulegeza, na udongo ulioinywa hauoteshi kitu kwa muda mrefu. Tumezungushia kamba, tukamwaga majivu pembeni, na watoto wamepelekwa uwanja wa juu mpaka msafara uhame.

Mama wa kijana wetu wa kiti cha magurudumu amenisimamisha langoni. "Asante, baba. Mvua yote ile na gurudumu halijazama hata siku moja." Njia ile sitaiacha ichakae.

11 Julai

Baridi na mawingu. Ukoka ni nyasi ya jua. Msimu huu unasimama tu, haukui. Kijana anayenisaidia ameuliza, "Mzee, hii si imekufa?" Nimemwonyesha vifundo vya shina bado vibichi. Haijafa, lakini haiwezi kujiponya haraka, kwa hiyo nimeondoa kiti kimoja cha bembea ili upande huo upumzike.

Chini ya mjakaranda mikeka imeota ukoga na inateleza. Tumeisugua kwa maji na brashi. Pale kivuli ni kizito na ukoka hautashika kamwe. Nimependekeza paondolewe mikeka, pawekwe vipande vya mbao.

17 Oktoba

Mjakaranda umemwaga maua. Ni mazuri kutazama, lakini yakioza juu ya mpira yanakuwa utelezi, hivyo yanafagiliwa kila asubuhi kabla watoto hawajaingia.

Leo tumekata nyasi. Kwanza nimetembea nikitafuta vigingi vilivyopanda, kisha kisu cha mashine kimeinuliwa juu ya mkeka. Mashine ya uzi nimekataza isiguse mpira, inaukwangua.

24 Novemba

Likizo ndefu na mvua ya vuli vimekutana, na mwaka mzima sina nafasi nyingine kama hii. Mikeka ambayo nyasi zimepenya na kuishika sijaigusa, mizizi ndiyo kigingi bora. Nimefungua ile ya mwisho wa mteremko tu, ambako miguu imechimba shimo. Tumetifua udongo mwekundu kwa uma, tukachanganya mchanga na samadi iliyooza na kuchekechwa, tukapanda vipande vya ukoka na kulaza mikeka upya. Nimechomeka tena ile nondo. Imezama bila kuisukuma kwa nguvu.

Kesho nampelekea mwalimu mkuu ombi la bajeti. Najua watu hupenda kununua mikeka mipya kwa sababu inaonekana. Naomba fungu la mchanga, samadi na maji ya Februari liandikwe kwanza, na eneo la michezo lifungwe likizo yote. Mkeka mpya juu ya ardhi iliyoshindiliwa haumlindi mtoto wala nyasi.