Paka wa Nyumba Haingwa

Methali hii nawafundisha wanafunzi wangu kila mwaka, na kila mwaka nahojiwa maana ya "kuinga". Nami huwajibu kuwa ni kufukuza, kama watoto wanavyoinga ndege shambani mtama unapoiva. Paka aliyekwisha kuwa wa nyumba hafukuzwi. Lakini hapa Nabuyoga, wilayani Tororo, imenipasa kuishi na methali hiyo, si kuifundisha tu.

Paka wangu aitwa Kunguru, kwa ajili ya rangi zake nyeusi na nyeupe. Aliletwa na binti wa dada yangu alipohama Kampala, pamoja na cheti cha daktari wa mifugo: katika damu yake mna virusi vinavyopunguza kinga ya mwili. Habari haikukawia kuenea. Jirani yangu, mama wa makamo ninayemheshimu sana, alinijia akasema, "Mwalimu, nasikia umefuga paka mwenye UKIMWI. Mtupe kabla hajatumalizia watoto."

Neno hilo ni zito vijijini kwetu. Baba yangu mdogo aliugua mwanzoni mwa miaka ya 1990, nami nikiwa mtoto wa shule ya msingi. Alitengewa kikombe, sahani na mkeka. Alipofariki, vyote vikachomwa moto. Shirika la TASO, lililoasisiwa nchini Uganda mwaka 1987, lilikuwa limekwisha anza kuwafunza watu kuishi na wagonjwa bila ya kuwatenga; lakini kwetu hofu ilitangulia kufika kabla ya elimu.

Nilimjibu jirani yangu hivi: "La, mama, hawezi kumwambukiza mtu." Virusi hivyo vya paka viligunduliwa mwaka 1986 huko California, Marekani, na Niels Pedersen na Janet Yamamoto. Vina udugu na vile vya binadamu, lakini havimwingii mtu, ama kwa kumshika paka, ama kwa kukwaruzwa naye. Aghalabu hupita kwa jeraha la meno lililozama, paka wapiganapo. Ndiyo sababu madume warandao usiku huathirika zaidi. Hata miongoni mwa simba wa Serengeti vimo virusi vya jamii hiyo.

Walimu wenzangu watasema kwamba UKIMWI ni Upungufu wa Kinga Mwilini, na paka naye ana mwili. Ni kweli, jirani yangu hakukosea sarufi. Ila neno hilo hubeba makaburi ambayo kamusi haiyaandiki. Kwa hiyo nyumbani mwetu twasema tu kwamba Kunguru ana kinga pungufu.

Matunzo yake si mageni. Haendi nje, madirisha yametiwa wavu, na karai lake la mchanga husafishwa kila siku. Amehasiwa ili asitamani ugomvi, na amechanjwa kichaa. Mukene na mapafu huchemshwa kwanza, maana vitu vibichi huweza kuwa na vijidudu ambavyo mwili wake hauna nguvu ya kuvishinda. Kila juma namfungua kinywa nitazame fizi, kwa kuwa paka wa namna hii husumbuliwa mno na vidonda vya kinywani. Akikataa chakula siku nzima, singoji. Twapanda bodaboda hadi Tororo mjini. Dawa ya kuviondoa virusi haipo, walakini paka kama huyu aweza kuishi miaka mingi akitunzwa.

Wako wanaonicheka kwa kulisha paka asiyewinda, ilhali panya wanakula mahindi yangu ghalani. Nimenunua mitego, nao wanacheka zaidi.

Jirani yangu hajasadiki yote. Bado hamruhusu mjukuu wake amshike Kunguru. Ila siku hizi, apitapo kwenda kisimani, husimama penye dirisha la wavu akauliza, "Amekula?" Baba yangu mdogo hakupata wengi wa kumuulizia hivyo.