Jicho la Mhunzi

Bunduki ya kale ya komeo haina siri nyingi kwa aliyepata kuishika. Mkono huinua komeo na kulivuta nyuma; risasi hupanda; komeo husukumwa mbele, likalazwa, na mlango ukafungwa. Nguvu yote ya baruti itakayo kurudi usoni mwa askari huzuiwa na meno mawili ya chuma, madogo kama ncha za vidole.

Paul Mauser, fundi wa Oberndorf, Ujerumani, hakuyaamini meno hayo peke yake. Katika bunduki yake ya mwaka 1898 aliongeza jino la tatu, nyuma, lisilo na kazi ila siku yale mawili yatakapovunjika. Akatoboa na matundu komeoni, ili ganda la risasi likipasuka, gesi ipite kando isimfikie mtu. Alijenga hali akijua kwamba hapana kitu kisichoharibika. Naye hakusalimika: mwaka 1901 alipoteza jicho la kushoto akijaribu bunduki nyingine aliyokuwa bado akiitengeneza.

Wamarekani waliupenda ufundi ule. Wakauiga katika bunduki yao ya mwaka 1903, na hatimaye wakailipa kampuni ya Mauser dola 200,000 kwa haki zake. Umbo walilipata, na jino la akiba wakalitia. Lakini mwaka 1917, nchi ilipoingia vitani, baadhi ya bunduki hizo zilipasuka. Kilichovunjika ni kile kiunzi cha chuma kinachobeba komeo, na kilivunjika vipande vipande, mithili ya kigae.

Uchunguzi ukarudi hadi tanurini, katika karakana ya Springfield, Massachusetts. Huko, wahunzi wazoefu walipima joto la chuma kwa macho, kwa kutazama wekundu wake. Vipimo vilipoletwa, ilionekana kwamba chuma kilichohukumiwa kuwa tayari siku ya jua kali kilizidi kile cha siku ya mawingu kwa hadi digrii 300 za Farenhaiti. Mwanga wa jua hufifisha wekundu wa chuma. Mhunzi huongeza moto, na chuma huungua.

Wahunzi wale hawakuwa wavivu wala waongo. Walikuwa mabingwa, na ubingwa wao ndio uliowazuia kushuku. Mauser aliushuku ufundi wake mwenyewe, akauwekea jino la tatu. Jicho la mhunzi halikuwekewa la pili la kulisahihisha.

Mwaka 1918 utaratibu ulibadilishwa, bunduki za Springfield zilipofikia takriban nambari 800,000. Zilizotangulia zing'arishwe vipi, hazitambulikani kwa sura. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Ndiyo maana hata leo anayeipata moja, kabla ya kuusifu mtutu wala kitako, huinama kwanza akasoma nambari.