Funguo 1024

Kodi ya keja ilikuwa imechelewa siku tisa, na kazi pekee niliyokuwa nayo ilikuwa ya mtu mwingine: mradi wa mwaka wa nne wa jamaa ambaye bado yuko chuo. Mimi nilitoka mwaka wa tatu, karo ilipokwama. Siku hizi naandika chochote kinacholipa, hata moduli ya kerneli ya Linux.

Moduli ilipaswa kusoma kurasa za kumbukumbu, mmoja mmoja. Kwa laptopu yake mpya ilikimbia bila noma. Kwa yangu kuukuu, ya biti 32 na GB 2, ikaganda. Nikaipiga kill -9. Wapi!

Kwa mashine kama yangu, kumbukumbu ambayo kerneli inaifikia moja kwa moja ni kama MB 896 hivi. Ukurasa ulio juu ya hapo hauna anwani. Ukiuhitaji unaita kmap, unapewa anwani ya muda. Ukimaliza unaita kunmap, unairudisha. Ni kama gesti: funguo zinaning'inia ubaoni, na ukitoka unaacha wako kaunta. Ubao wangu ulikuwa na funguo 1024. Nami, kila nilipokuta ukurasa mtupu na kuuruka, nilikuwa naondoka na ufunguo mfukoni. Mgeni wa 1025 alifika kaunta akalala palepale akingoja.

(Siku hizi wanapendekeza kmap_local_page, iliyokuja na Linux 5.11 mwaka 2021. Mimi nilijifunzia kwa maelezo ya kitambo.)

Kwa jamaa, biti 64, hakuna ubao. Kerneli inaifikia kumbukumbu yote, kwa hivyo kunmap hapo haina kazi ya maana. Kosa langu lisingeonekana kwake kamwe. Ningeituma usiku uleule, nilipwe, nimtulize keateka kabla hajaniwekea kufuli mlangoni. Kidole kilikuwa tayari.

Niliutafuta ule mstari hadi saa kumi alfajiri. Mstari mmoja tu, jamani.

Pesa ziliingia Ijumaa. Wiki iliyofuata jamaa akapiga simu akiwa nje ya ofisi ya mwalimu wake, ananong'ona: ameulizwa kunmap ni ya nini. Nikamweleza yote, gesti, kaunta na funguo, hadi kredo yake ikaisha.