Sarafu ya Baba

Siku ya usajili chuoni, fomu ilikuwa na mstari wa kazi ya mzazi. Nikaandika "mfanyabiashara wa mbao". Haukuwa uongo mtupu, maana baba huuza milango, na mlango ni mbao. Ila baba yangu ni fundi seremala wa Makambako. Karakana yake ni banda la mabati nyuma ya nyumba, lenye meza moja ya kazi, randa tatu, na harufu ya paini za Mufindi iliyoingia mpaka kwenye sweta zangu. Mimi nilikuwa nimekuja Dar es Salaam kusomea uinjinia. Habari za randa niliona zibaki Makambako.

Sasa niko mwaka wa tatu, kwa hiyo mengi ya muhula ule nayacheka. Wakati ule sikucheka.

Nilitoka shule ya bweni ya wasichana na PCM yangu, yaani fizikia, kemia na hisabati, daraja la kwanza la pointi 5. Kule shuleni jina langu lilikuwa likisomwa mstarini, wenzangu wakipiga makofi. Chuoni, kwenye ukumbi wa hisabati tuliokaa karibu watu 300, wani ya pointi 5 ilikuwa kama tiketi ya mlangoni tu: karibu kila mtu alikuwa nayo, na wenye pointi 3, ambazo ndizo bora zaidi, walikaa viti vya mbele. Sweta zangu nazo, zile za harufu ya paini, zilikaa begini tangu Novemba. Mama ndiye aliyesema usiku Dar kunakuwa na baridi. Sijui alimsikia nani.

Test ya kwanza ya hisabati ilipotoka nilipata 27 kwa 100. Matokeo yalibandikwa ubaoni kwa namba za usajili bila majina, nikashukuru Mungu kwa hilo. Hata hivyo nilisimama pale nikifuata mstari wangu kwa kidole mara tatu, kana kwamba kidole kingeirekebisha ile namba.

Usiku baba akapiga simu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Kamwene. Masomo?"

"Yanaenda vizuri baba. Test nimefaulu."

"Haya. Tunamshukuru Mungu." Akakata. Baba kwenye simu hana maneno mengi, hata akiwa na dakika za kutosha.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilimdanganya mtu ambaye hajawahi kunigombeza kwa sababu ya alama. Jibu nililonalo ni kwamba tangu darasa la tatu hakuna aliyeniuliza nimekosea wapi. Niliulizwa nimeongoza kwa ngapi. Kukosa nilikuwa sikujui, na kitu usichokijua unakificha kwanza, mengine baadaye.

Kozi za muhula ule zilikuwa hisabati, mekanika, michoro ya kihandisi, kompyuta na mafunzo ya karakana. Hii ya mwisho niliidharau waziwazi. Uniti zake ni chache, hakuna mlinganyo hata mmoja wa kukuumiza kichwa, na anayesimamia si profesa. Alikuwa mzee mmoja mwenye ovaroli ya bluu iliyopauka magotini. Cheo chake, fundi sanifu.

Zoezi la kwanza ukilisikia unacheka. Kila mtu alipewa kipande chake cha chuma laini akipige tupa mpaka kiwe milimita 60 kwa 40, pembe zote mraba, na ruhusa ya kukosea 0.2 juu au chini. Basi. Tukapewa wiki nne, nikasema moyoni wiki nne za nini?

Unakibana kipande kwenye jiliwa, na jiliwa yenyewe iwe kimo cha kiwiko chako. Tupa inakata ikienda mbele tu, kwa kuwa meno yake yameelekea huko, kwa hiyo ukirudi unalegeza mkono. Anayeanza hajui kulegeza. Anasugua kwenda na kurudi kama anayepiga mswaki, na mikono inapanda na kushuka bila yeye kujijua. Mwisho unaweka skwea juu ya chuma, unanyanyua vyote viwili kuelekea dirishani, na mwanga unapenya ncha zote mbili huku katikati kumevimba. Unaanza upya. Chaki unaipaka kwenye tupa ili vumbi la chuma lisigande kwenye meno. Wiki ya pili viganja vyangu vilikuwa na malengelenge, na kile kivimbe bado kilikuwa palepale.

Basi nikakazana, na katika kukazana nikapitiliza. Tulipimia venia: skeli yake inayoteleza ina nafasi 50 zilizobanwa ndani ya milimita 49, hivyo kila nafasi inapungua kwa 0.02 kuliko milimita ya kawaida, na kwa kutafuta ni mstari upi umekaa sawasawa na wa juu yake unajua sehemu ndogo kabisa ya kipimo. Nilipima upande mrefu mara tano. Kila mara ulikuwa 59.4. Ruhusa yangu ilikuwa imeishia 59.8.

Chuma ukishakipunguza hakirudi. Lakini kuna ujanja ambao wanafunzi hurithishana. Unalaza kipande, unagonga ukingo kwa nyundo polepole, chuma kinatanuka kidogo pale ulipogonga, kisha unapitisha msasa kufuta alama. Nikagonga. Nikapima palepale nilipogonga, ikasoma 59.9. Nikaandika 59.9 kwenye fomu yangu na kupeleka kipande mbele.

Mzee hakushika venia. Alipitisha kidole gumba kwenye ukingo huku macho yake yakiwa mlangoni, kama mtu anayesubiri mgeni.

"Hapa umepiga nyundo, binti."

Nilijibu kitu ambacho mpaka leo wenzangu hunitania nacho. Nilikuwa nimesoma kwamba vipimo vya kihandisi huhesabiwa kwa kipande chenye joto la nyuzi 20, na mle karakanani siku ile palikuwa kama nyuzi 32. Nikasema, "Mzee, labda ni joto."

Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akachukua chaki na kunipigia hesabu juu ya meza: milimita 60 za chuma, nyuzi 12 zimeongezeka, haifiki hata 0.01. "Venia yako haiwezi kuiona hiyo. Na tena joto linaongeza, halipunguzi. Kwa joto hili ulipaswa kupata zaidi." Akanirudishia fomu. "Futa 59.9. Andika ulichokipata kabla ya nyundo, na uandike imekuwaje."

"Nitapata sifuri, mzee?"

"Utapata alama za kipande kilichopungua, ambazo si nyingi. Sifuri ni ya nyundo."

Ripoti ile ndiyo kitu kigumu kuliko vyote nilivyoandika muhula ule, na ilikuwa na mistari minne. Kwamba nilipiga tupa kwa haraka. Kwamba sikuwa nikipima kila baada ya mapigo machache. Kwamba upande mrefu ni 59.4. Mstari wa nne ulikuwa wa nyundo, na nilizunguka nao nusu saa nikitafuta namna ya kuusema bila mimi kuwemo ndani.

Usiku ule nilipiga simu mimi.

"Baba, ile test sikufaulu. Nilipata 27."

Upande wa pili nilisikia mvua juu ya bati. "Kati ya ngapi?"

"Mia."

"Aa." Kisha kimya kirefu, nikadhani mtandao umekata. Halafu baba akanisimulia habari ya mlango. Mlango wake wa kwanza mkubwa ulikuwa wa nyumba ya mchungaji, mimi sijazaliwa. Aliuchonga wakati wa kiangazi, ukabana kwenye fremu kama kifuniko cha sufuria, watu wakamsifu. Kifuku kilipoingia mbao zikanywa unyevu, zikavimba, mlango ukagoma kufunguka na familia ya mchungaji ikiwa ndani. Walitokea dirishani. Jumapili baada ya ibada, watu wote wakiwa uwanjani, baba alikwenda na randa akaupunguza mbele yao. "Nilisikia aibu, mama. Lakini ningeacha, ungeendelea kugoma." Akasema hapo ndipo alipoanza kutumia sarafu.

Sarafu naijua tangu utotoni. Ni ya zamani, imesuguliwa mpaka haijulikani ilikuwa ya thamani gani. Baba akishapachika mlango huipitisha kati ya mlango na fremu, juu na ubavuni, polepole. Ikikwama, mlango unashuka tena. Mimi nilidhani ni mazoea ya wazee.

Wiki mbili baadaye, kwenye darasa la michoro, mhadhiri alichora ekseli ndani ya tundu na kutuuliza kwa nini visiwe na kipimo kimoja kamili. Ukumbi kimya. Akaeleza kwamba hakuna mashine inayokata kipimo kamili, kwa hiyo kwenye mchoro kila namba huandikiwa pia kiasi inachoruhusiwa kukosea, na nafasi kati ya ekseli na tundu huamuliwa kabla hata chuma hakijaguswa: ekseli inayozunguka huachiwa, isiyotakiwa kucheza hubanwa. Wenzangu wakanakili jedwali. Mimi niliandika pembeni mwa daftari neno moja: sarafu.

Sitasema kwamba baada ya hapo mambo yalinyooka. Michoro yenyewe niliendelea kuikosea, nikiweka mwonekano wa kulia upande usio wake mpaka wiki ya mtihani. Kwenye hisabati kilichonisaidia ni diskasheni ya kwenye vimbweta, yale mabenchi ya nje, na hasa kaka mmoja aliyeingia kwa diploma, aliyekwisha kufunga nyaya majumbani kwa miaka sita. Siku ya kwanza alikaa akasema, "Jamani, mimi kalkulasi sielewi kuanzia ukurasa wa kwanza," kwa sauti ileile ambayo angeomba chumvi. Mimi mwenye pointi 5 nilikuwa nimetikisa kichwa mwezi mzima kwenye mambo nisiyoyajua. Nikasema na mimi ukurasa wa kwanza. Tukaanza na limiti, tukagundua tusioelewa tuko watu sita. Nililipa kwa kumfundisha mekanika, naye akanionyesha namna ya kulegeza mkono kwenye tupa.

Bumu, ile fedha ya mkopo ya kujikimu, lilichelewa, tukala wali maharage mchana na usiku hatukuuliza. Mtihani ukaja. Hisabati nilipata C, michoro C, karakana B. Sapu, yaani mtihani wa kurudia, sikupata hata moja, na C ile ya hisabati naipenda kuliko A zangu zote za sekondari.

Nilirudi nyumbani kwa basi, Mikumi, Kitonga, Iringa, Mafinga, na nilipofika Makambako nikavaa sweta hata kabla ya kusalimia. Kipande changu cha chuma kilikuwa kwenye mkoba. Kesho yake asubuhi nilimpelekea baba bandani. Alikigeuzageuza, akakipima uzito kwa kiganja, kisha kidole gumba chake kikaanza kutembea ukingoni. Kikasimama.

"Hapa palikuwaje?"

"Nilipiga nyundo, baba."

"Mwalimu aliona?"

"Aliona."

Akatikisa kichwa, akakiweka kile kipande juu ya michoro ya wateja isipeperushwe na upepo. Nikamwomba ile sarafu, niende nayo chuoni muhula unaokuja niipime kwa venia nijue anaacha milimita ngapi.

"Tafuta ya kwako," akasema. "Mimi Jumatatu nina mlango."