Kistari na Sifuri

Msomaji, fundi hujulikana kwa chombo anachokichagua kabla hajajulikana kwa kazi yake. Mimi ni mwalimu katika chuo cha ualimu, na kwa muda mrefu nilidhani kuwa kuchagua programu ya kompyuta ya kuchorea takwimu ni jambo dogo, mfano wa kuchagua rangi ya wino. Nitakusimulia jinsi nilivyoaibika, ili aibu yangu iwe faida yako.

Nilikuwa nikikusanya vipimo vya mvua vya shule moja ya Kitui na nyingine ya Makueni. Katika nchi hiyo mvua hunyesha kwa misimu miwili: Machi hadi Mei, na Oktoba hadi Desemba. Mvua za mwisho wa mwaka ndizo mkulima anazozitumaini zaidi, na Novemba ndio mwezi wake mkuu. Novemba ikikosa mvua, ndengu na kunde hukauka shambani, na karo ya mtoto hukauka pamoja nazo.

Daftari la Makueni lilikuwa na Novemba moja ambayo haikupimwa, kwa sababu mpimaji alikuwa mgonjwa. Mahali pa tarakimu paliandikwa kistari. Nilinakili yote katika programu ya majedwali iliyokuwa katika kompyuta yangu, nikabonyeza mara mbili, mchoro ukatokea wenye rangi za kupendeza. Kumbe programu ilikichora kistari kile kama sifuri! Mstari ulishuka mpaka chini kama jiwe kisimani. Badala ya kushtuka nilifurahi, maana nilidhani nimegundua ukame.

Niliupeleka mchoro ule katika mkutano wa wazazi, nikawaonya kwamba Novemba yao haiaminiki, na kwamba ni heri wapunguze shamba la ndengu. Bibi mmoja mzee alisimama akasema kwa upole, “Mwalimu, mwanangu, mwaka huo tulivuna ndengu mpaka magunia yakatupungukia. Mvua unayosema haikunyesha ndiyo iliyobomoa jiko langu.”

Watu walicheka, nami nilicheka nao kwa midomo tu. Lau wangalinisikiliza, wangalipoteza mavuno kwa ajili ya kistari. Kosa halikuwa la programu peke yake. Lilikuwa langu zaidi, kwa kuwa niliamini uzuri wa mchoro bila ya kuuuliza ulikotoka.

Nilipotafuta chombo kingine nilijiuliza maswali matatu. Je, kinatofautisha kati ya mvua ambayo haikunyesha na mvua ambayo haikupimwa? Je, hatua zangu zitabaki zimeandikwa, ili mwingine azifuate na kunisahihisha? Je, mwanafunzi asiye na fedha aweza kukipata?

Nilichagua R, programu iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, Nyuzilandi, ambayo toleo lake la 1.0.0 lilitoka mwaka 2000. Haiuzwi, hutolewa bure. Humo mtu huandika maagizo yake mstari kwa mstari. Si rahisi kujifunza, na majuma ya kwanza yalinitoa jasho. Walakini nilipoipa safu ile yenye kistari na kuiomba wastani, ilikataa, ikanionya kuwa nilichoipa si namba. Nilipokiondoa kistari na kuandika herufi NA, alama yake ya kipimo kilichokosekana, mstari wa mchoro ulikatika penye Novemba, pakabaki pengo. Hata wastani haikunipa mpaka nilipoiamuru waziwazi kuuruka mwezi ule.

Sisemi kwamba R ni chombo pekee. Wengine hutumia Matplotlib, iliyoanzishwa na John Hunter na kutolewa mwaka 2003, nayo pia ni ya bure. William Playfair alichapisha michoro ya namna hii mwaka 1786, muda mrefu kabla ya kompyuta za leo. Na karatasi ya miraba na rula vyatosha kwa hesabu ndogo, ikiwa mkono unaochora ni mwaminifu.

Nilirudi Makueni na mchoro mpya. Bibi yule alilitazama pengo kwa muda, akaliwekea kidole, akauliza, “Hapa ndipo lilipokuwa jiko langu?” Nilimjibu, “Naam, mama, ni hapo.”