Kutoka Kuapa Hadi Kubonyeza

Nilipoanza ukarani katika ofisi ya wakili mjini Arusha, mwanzoni mwa miaka ya tisini, viapo vilituletea watu wengi kuliko kesi. Walishuka kwenye vifodi kutoka Tengeru, Usa River na Ngaramtoni, wengi wakiwa vijana wanaotafuta kazi serikalini, na kilichowakwamisha ni majina. Sisi Wameru hutumia jina la ukoo, kwa hiyo kina Pallangyo, Kaaya, Nnko na Mbise wamejaa kila kijiji. Mtoto aliandikishwa shule kwa jina la nyumbani, akabatizwa Kilutheri kwa jingine, na cheti cha kidato cha nne kikatoka na la babu. Cheti cha kuzaliwa wengi hawakuwa nacho. Mzazi alikuja kuapa kwamba huyu ni wangu, amezaliwa mwaka fulani.

Nilipiga chapa maneno yaleyale kila siku: “Mimi fulani, Mkristo, mtu mzima, mkazi wa Arusha, naapa na kueleza kama ifuatavyo.” Bosi wangu, Kamishna wa Viapo, hakugonga muhuri mpaka mwapaji asimame mbele yake, ashike Biblia au Msahafu, asome karatasi yake kwa sauti. Asiyejua kusoma alisomewa. Namkumbuka mzee mmoja kutoka Poli aliyekatisha usomaji aliposikia 1972. Mwanawe ndiye aliyetaka iandikwe hivyo ili apunguze umri. “Mwanangu,” mzee akamwambia wakili, “huyu amezaliwa mwaka wa Azimio la Arusha. Siwezi kushika Kitabu nikasema vingine.” Tukaandika 1967. Kijana alinuna, lakini hakubisha.

Kompyuta zilipoenea, steshenari zikachipuka jirani na mahakama na stendi. Kiapo kikawa kipo tayari ndani ya mashine: unafuta jina la jana, unaweka la leo. Vishoka wakatembea na mihuri mfukoni. Hata mawakili halali, si wachache, walisaini rundo la karatasi za watu wasiowaona kwa macho. Kiapo cha kusawazisha majina, kilichokuwa msaada kwa watu wakweli, kikawafungulia mlango wengine. Aliyefeli alichukua cheti cha ndugu yake aliyefaulu, akaapa kwamba majina yote mawili ni yake. Ukoo ni mmoja, nani angeuliza?

Baraza la Mitihani liliuliza. Tarehe 28 Aprili 2017, pale Chuo Kikuu cha Dodoma, Rais Magufuli alipokea ripoti ya uhakiki: watumishi 9,932 walikuwa na vyeti vya kughushi. Aliwapa hadi tarehe 15 Mei waondoke wenyewe, akikumbusha kwamba kughushi kuna kifungo cha miaka saba. Hapa mjini watu walipitia majina kwa kidole, wengine wakitafuta la jirani, wengine wakiombea wasilione la kwao.

Kilichonigusa zaidi kilikuja 2018. Kuanzia 20 Mei 2004, sharti la kuajiriwa serikalini lilikuwa kidato cha nne. Watumishi wa darasa la saba walioajiriwa kabla ya hapo, ambao nao walikumbwa na uhakiki, Serikali ikaamua warudishwe kazini, isipokuwa wale waliodanganya katika taarifa zao. Elimu ileile, kazi ileile. Aliyeandika ukweli akarudi, aliyejipa kidato cha nne akabaki nje. Mwaka 2022 Serikali iliridhia walioondolewa kwa vyeti feki warudishiwe michango yao ya mifuko ya hifadhi ya jamii. Kazi hawakurudishiwa.

Katika kishindo chote kile, sikusikia hata mmoja ninayemfahamu akishtakiwa kwa kiapo chake, ingawa kwa Kanuni ya Adhabu kiapo cha uongo nacho ni kosa. Cheti kilihakikiwa, kiapo kikaachwa ndani ya faili.

Leo maombi ya kazi serikalini yanapita mtandaoni, kwenye Ajira Portal. Unaweka namba ya NIDA, namba ya mtihani, kisha unakuta tamko kwamba yote uliyojaza ni kweli. Mara nyingi mhudumu wa steshenari ndiye anayelibonyeza, mwombaji akiwa kwenye benchi hajui kama kuna alichotamka. Mwenye cheti cha mtu mwingine atanaswa, na hilo ni jema. Lakini uzoefu wa kazi wa kubuni hauna namba ya mtihani. Hapo bado tunategemea neno la mtu, kama enzi za yule mzee wa Poli.

Watoto wa kaka yangu huja nyumbani niwasaidie kujaza. Tukifika kwenye tamko nawarudishia simu. “Baba mdogo, si ubonyeze tu?” Nakataa. Wasome kwa sauti, wabonyeze wenyewe, maana siku mambo yakifika mahakamani, litakaloitwa ni jina lao.