Kutoka Pugu Hadi Salender: Mto Msimbazi na Jiji Lake

Mto Msimbazi huanzia katika vilima vya Pugu, wilayani Kisarawe, ukakata katikati ya Dar es Salaam kwa takriban kilomita 35 hadi Bahari ya Hindi. Anayeufuata kwa miguu kutoka juu hukutana kwanza na Msitu wa Pugu, uliotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1954. Kilichouponza ni kuwa jirani na jiji linalopikia mkaa. Miti ikipungua, mvua hainyweki ardhini; hushuka kwa kasi na kuzoa mchanga.

Mchanga huo ni mali. Ukifika maeneo ya Tabata na Vingunguti, vijana huuchota kwa sepetu na kuurundika ukingoni ukisubiri malori. Kingo zikichimbwa humomonyoka, na nyumba huanza kuning'inia juu ya korongo, matairi chakavu na viroba vya udongo vikiwa kinga pekee. Hapo ndipo mto hupokea pia maji ya viwandani na majitaka ya mitaani. Tabata palikuwa na dampo la jiji, ambalo wakazi walilipinga Mahakama Kuu mwaka 1988 na kushinda. Mbele kidogo ni matuta ya mchicha, yanayomwagiliwa kwa maji hayohayo na kulisha masoko ya mjini.

Jiji lililokuwa na watu wasiofika 300,000 mwaka 1967 lilihesabiwa kuwa na zaidi ya milioni 5.3 mwaka 2022. Wengi walijenga walipopata nafasi, na bonde lilikuwa na nafasi.

Jangwani ndipo mambo hudhihirika. Bonde hapa ni pana na tambarare, mahali mto ulipozoea kutandaa wakati wa masika. Mashabiki wa Yanga wanajua jinsi maji yalivyoufanya uwanja wa Kaunda, kwenye makao makuu ya klabu yao, kuwa dimbwi. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na familia za mabondeni zikapewa viwanja Mabwepande. Mwishoni mwa 2015 ikaja bomoabomoa: alama ya X nyekundu ukutani, kisha tingatinga. Miezi michache baadaye, Mei 2016, mabasi ya mwendokasi yalianza kazi, karakana yake ikiwa katika bonde lilelile. Nayo imefurika mara kadhaa. Mkazi wa kipato cha chini aliambiwa bonde ni hatari. Mradi mkubwa haukuambiwa.

Baada ya Jangwani mto huingia kwenye mikoko, ukapita chini ya Daraja la Salender na kumwaga baharini kila ulichobeba. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 za Marekani kwa ajili ya kuendeleza bonde la Msimbazi, na miongoni mwa kazi zilizopangwa ni kuihamisha karakana ya Jangwani.